Siku Niliyozima Mashine ya Akiba za Wazee

Rukia mwanangu,

Salamu tutapeana kesho kwa mdomo, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za sweta, za chakula cha bwenini, za kuswali kwa wakati na za kutoazimisha watu vitu vyako. Hayo umeyasikia wiki nzima mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza kusema. Umekwenda Boko kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, na mie nimekaa barazani na karatasi kabla giza halijaingia. Kuna jambo moja nimekusimulia vipande vipande tangu ukiwa mdogo, na lote kwa pamoja sijakusimulia hata siku moja.

Ni habari ya kwa nini niliacha kazi. Shangazi yako Mwajuma anasema nilifukuzwa kwa kiburi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilipunguzwa kama walivyopunguzwa wengine wengi miaka ile. Kila mmoja ana ukweli wake. Leo asubuhi, ulipokuwa unaanua nguo, shangazi yako aliyarudia maneno yake kwa sauti ya kukusudia usikie: kwamba nakupeleka Arusha ukajifunze ufundi wa kiume, uje kuwa mkaidi kama mama yako, na yule kijana wa watu aliyeleta posa atakuwa ameshaoa kwingine. Sikumjibu. Nimeona nikujibu wewe.

Unajua kwamba nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika lililotunza akiba za wafanyakazi. Lakini usifikirie hizi kompyuta unazoziona siku hizi kwenye vibanda vya kuchapisha barua. Ya kwetu ilijaza chumba kizima pale Kinondoni. Ilikuwa makabati marefu kuliko baba yako, yakinguruma mchana kutwa, na kiyoyozi kikali kiasi kwamba tulivaa makoti ndani wakati nje watu wanajipepea na magazeti. Sie tuliiita Mashine Kubwa. Kila mtu aliyekatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya uzee wake, jina lake na michango yake vilikuwa humo. Mpishi wa hospitali, dereva wa treni, kuli wa bandarini. Babu yako mzee Seif, aliyebeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa kunyooka, naye alikuwa humo.

Kazi yangu ilikuwa kupima diski. Diski ni sahani zinazozunguka ndani ya kabati, zinaandikwa na kusomwa karibu sawa na kaseti inavyorekodiwa na kupigwa. Mie na mwenzangu Joyce, mwanamke wa Moshi aliyekuwa anacheka kwa pua, tulikuwa tunaandika kitu kwenye diski, tunakisoma, tunalinganisha. Halafu tunaitwisha mzigo wa mwisho wa mwezi, wakati kila ofisi inataka chake kwa pamoja, na tunalinganisha tena. Halafu tunaiudhi. Hilo neno ni la Joyce. Akiingia asubuhi anavua viatu, anavaa ndala, ananiuliza, "Zainabu, leo tuiudhi vipi?" Tunachomoa waya katikati ya kazi. Tunazima feni. Tunaangalia itasema nini na itajiokoa vipi. Maana mashine ikiwa imeshiba umeme na haina kazi, yoyote ile ni nzuri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, Kariakoo vitu tulivyokuwa tumevisahau vimerudi madukani, na mashirika ya umma yameanza kuuzwa moja baada ya jingine. Kila mkubwa alitaka shirika lake lionekane la kisasa kabla halijafikiwa na zamu ya kuuzwa. Na kwetu pia wakanunua makabati mapya ya diski kutoka nje. Yalikaa kwenye makontena bandarini muda mrefu sana, jua la Kurasini likiyapiga, karatasi za forodha zikizunguka. Yalipofika yakawekwa kwenye jengo jipya ng'ambo ya ua, na yakaunganishwa na Mashine Kubwa kwa faiba. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga badala ya umeme. Nakumbuka siku ya kwanza nilivyoushika. Nilitamani babu yako auone.

Mkuu wa kitengo chetu alikuwa Bwana Mhando. Nataka umjue vizuri, kwa sababu ungeweza kudhani ni mtu mbaya. Hakuwa mwizi. Ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyenipigania nilipopata mimba yako na wenzake wakasema chumba kile si cha mwanamke mwenye tumbo. Alikuwa na hofu moja tu: kwamba makabati mapya yakichelewa, wakubwa watasema sie hatuwezi, kazi yote itapewa kampuni ya nje, na kitengo kizima kitakwenda nyumbani. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Ilikuwa inatokea kila kona ya mji.

Basi tukapima, na makabati yakapita vizuri. Tuliyatwisha mzigo, yakabeba. Joyce akasema yanapendeza hata kuyaudhi. Mpaka mchana mmoja wa mgao wa umeme. Umeme ulikatika, jenereta likakohoa kama kawaida yake, na halikuwaka mpaka fundi wake alipoitwa kutoka kantini. Tulipowasha tena, majina ya majaribio aliyokuwa Joyce ameyaingiza mwishoni hayakuwepo. Wakati kabati lilikuwa limeshatujibu, kwa kila jina, kwamba limeandika.

Nikamfuata fundi wa kampuni iliyoyaleta, kijana kutoka Nairobi aliyeitwa Njoroge. Alinieleza bila kunificha. Kabati lile, ili liwe na mbio, likipewa kitu hukishika kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda na kukujibu kwamba tayari. Kukiandika kwenye diski kwenyewe hufanya baadaye, taratibu. Umeme ukikatika katikati, kuna betri ndani inayoshikilia ile kumbukumbu mpaka umeme urudi.

"Na betri ikiwa imekufa?" nikamwuliza.

"Haiwezi kuwa imekufa, mama. Ni mpya."

"Umeipima?"

"Imepimwa kiwandani."

"Kabla ya bandari au baada ya bandari?"

Akaanza kupekua karatasi zake. Nikamwomba pia anioneshe faiba zinapopita, maana tuliambiwa ziko mbili, moja ikikatika nyingine inaendelea na kazi. Tukaenda uani. Zote mbili zilikuwa ndani ya bomba moja, chini ya pale malori ya karatasi yanapogeukia. Nikamwambia Njoroge, "Hapa kuna njia moja tu, ila mmelaza humo nyaya mbili." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Nikaenda kwa Bwana Mhando. Nikamwambia nataka kulizima kabati makusudi, likiwa na mzigo, tuone betri. Akakataa. Alisema kuzima kabati likiwa kazini ni kuliharibu, na wiki inayofuata kuna sherehe na mgeni rasmi. Baada ya sherehe, diski za zamani zinachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, chumba chake kishagawiwa idara nyingine.

"Ukiondoa za zamani hutakuwa na pa kurudi," nikamwambia.

"Zainabu, mashine imepita vipimo vyote."

"Imepita vile ulivyoniruhusu."

"Wewe ni nani katika shirika hili? Unajua ukichelewesha utakuwa umewafukuza wenzako kazi?"

Mwanangu, swali lile liliniuma kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe. Nilirudi Mbagala jioni ile sina raha. Babu yako alikuwa amekaa hapa hapa ninapoandikia, amenyoosha miguu, anasubiri siku yake ya kustaafu ifike aende dirishani. Alikuwa na mpango wa kununua mashine ya kusaga na kuiweka kwa mdogo wake, ami yangu. Kila jioni aliubadilisha ule mpango, leo mashine ya kusaga, kesho mbuzi. Nikawaza, mzee huyu anaongea habari za mbuzi, na mbuzi wenyewe wanaweza wasiwepo kwa sababu ya betri isiyozidi ukubwa wa tofali. Na hakuna atakayemwambia. Atafika dirishani, binti atatafuta, atasema, "Mzee, jina lako silioni," naye ataamini kosa ni lake.

Asubuhi nilimfuata Bwana Mhando kabla hajakaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikamwambia, "Leo mchana nitalizima lile kabati. Vilivyomo ni nakala tu, vya kweli bado viko kwenye diski za zamani, hakuna kitakachopotea. Sitaki usikie kwa mtu. Ukitaka kunizuia, funga mlango wa jengo jipya, ufunguo unao wewe."

Akaniambia, "Ukifanya hivyo hutabaki hapa."

Nikamwambia, "Sawa."

Mchana nilipofika, mlango ulikuwa wazi.

Joyce alikaa kwenye kiti chake upande wa Mashine Kubwa, simu ya ndani sikioni, anaingiza majina. Nilimwambia aanze na la babu yako. Kila jina kabati likajibu: tayari, tayari, tayari. Njoroge alikuwa amesimama pembeni mikono kifuani. Hakunisaidia, hakunizuia. Joyce aliposema kwenye simu, "Sasa," nikashusha swichi.

Chumba kile kikawa kimya namna ambayo sijawahi kukisikia. Feni zilizunguka zikilegea mpaka zikasimama. Nikasikia hatua nyuma yangu, kumbe Bwana Mhando alikuwa ameingia na wakubwa wawili wa makao makuu waliokuja kukagua mahali pa kukaa mgeni rasmi.  Nikasubiri kidogo, nikapandisha swichi. Makabati yakaanza kunguruma, taa zikawaka kijani zote. Mmoja wa wale wakubwa akasema, "Si zimewaka?"

Nikasema, "Zimewaka. Sasa tumtafute mtu."

Bwana Mhando alikaa mwenyewe kwenye kibodi. Aliandika jina la babu yako. Halikuwepo. Akaandika la pili, halikuwepo. Aliyaandika yote, polepole, kama mtu anayepapasa mifuko yake. Kisha akamwambia Joyce kwa simu, sauti ya chini, "Ingiza tena." Joyce akaingiza tena, kabati likajibu tayari, na safari hii Bwana Mhando alishusha swichi kwa mkono wake. Babu yako akapotea tena.

Njoroge akasema, bila kumwangalia mtu, "Ni betri."

"Umefurahi sasa?" Bwana Mhando akaniuliza mbele ya wageni.

"Sijafurahi. Huyo ni baba yangu."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe si lile analosema shangazi yako. Nilikosea kudhani kwamba watu wakishauona ukweli kwa macho yao, kazi imekwisha. Nilirudi nyumbani siku ile nimenunua pweza, nikakupikia, nikakuimbia. Nilidhani kesho yake wataniita kunishukuru. Kesho yake niliitwa kuambiwa kwamba nimeharibu mali ya shirika bila idhini, na kwamba kabati lilikuwa zima mpaka nilipolizima. Wale wakubwa wawili walikuwepo, waliona kila kitu, na walitikisa vichwa kukubali. Nilitazama nyuso zao, mtu mmoja mmoja. Jifunze hilo mapema kuliko nilivyojifunza mie. Mtu anaweza kuona, akaelewa, na bado akachagua kinachomfaa. Usipoteze miaka ukidhani hakuelewa na kwamba ukimweleza vizuri zaidi atabadilika. Mie niliipoteza.

Kosa la pili linahusu Joyce. Waliyemwita baada yangu ni yeye. Wangemsamehe kama angesema nilimlazimisha. Akasema, "Aliniambia mapema, na mie nilikubali." Alikuwa amepangiwa kwenda nje kwa masomo mwaka ule. Hakwenda. Mie sikuwahi kumwuliza kama yuko tayari kupoteza kitu. Nilikuwa nimekasirika kwa haki, na hasira ya haki inakufanya uone kila aliye karibu nawe kama mkono wako mwenyewe. Ukiona ni lazima usimame, Rukia, simama. Lakini aliyekaa kando yako mwulize kwanza, na akisema hapana usimdharau.

Sasa sikiliza yaliyotokea baadaye, maana hayo ndiyo watu wanayoyasahau wanapohadithia kiburi changu. Sherehe iliahirishwa. Betri mpya zikaja kwa ndege, na kabla ya kufungwa Njoroge alizipima moja moja. Faiba ya pili ikatolewa kwenye lile bomba, ikapitishwa upande wa pili wa ua, kando ya ukuta. Diski za zamani zilibaki zimewashwa mpaka makabati mapya yalipozimwa tena makusudi na kila jina likaonekana. Kisha sherehe ikafanyika, utepe ukakatwa, na mie nilikuwa nimeshahamishiwa stoo ya karatasi, nagawa riboni za mashine za kuchapia. Walipoanza kupunguza watu, nilikuwa katika kundi la kwanza. Sikulia. Nilichukua ndala zangu na za Joyce zilizokuwa chini ya meza, nikampelekea zake, tukacheka sana koridoni, yeye kwa pua yake.

Babu yako alistaafu, akaenda dirishani, akapewa haki yake. Nilipomsimulia kwamba nilitumia jina lake kwenye jaribio, akaniuliza, "Kwa hiyo uliniua mara mbili ili nisife?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Ungetumia jina la ami yako." Kisha akanunua mbuzi, wakatusumbua barabara nzima, unawakumbuka.

Nikafungua kibanda hapa Mbagala, nikitengeneza betri na stabilaiza, vile visanduku vya kuutuliza umeme. Majirani walikuja kutazama mwanamke anayefungua redio. Baba yako mwanzoni aliona aibu, alikuwa akipita upande wa pili wa njia. Halafu siku moja alirudi na mbao, akanitengenezea meza, bila maneno. Wewe ulikulia chini ya meza hiyo. Ulijua kupima betri kabla hujajua kusuka nywele, na hujawahi hata siku moja kuniuliza kama ni kazi ya kiume. Ulikuja kulisikia swali hilo kwa watu wazima.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu. Mwaka juzi, ulipokuwa shuleni, Bwana Mhando alikuja kibandani. Kitengo kile hatimaye kilipewa kampuni ya nje, na wote wakaenda nyumbani, yeye pamoja nao. Hofu yake ilikuwa ya kweli, ila haikuletwa na mie. Alikuwa amekonda. Alileta stabilaiza ya friji lake, akakaa kwenye benchi nikiwa naifungua.

"Siku ile sikufunga mlango," akasema.

"Nilijua."

"Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Nilifika mpaka mlangoni, nikarudi."

"Nilijua, Bwana Mhando."

"Basi kwa nini hujawahi kuniambia asante?"

Nikaweka bisibisi chini. "Kwa sababu kesho yake ulisema mie ndiye niliyeharibu mashine."

 Akasema ni kweli, alisema hivyo. Nikampa chai, akanywa, nikamtengenezea stabilaiza yake, akaenda. Sikumsamehe na sikumchukia. Nilimwona tu alivyo, mtu aliyekuwa na ujasiri wa kuacha mlango wazi na hakuwa na wa kuingia nami. Utakutana na wengi wa namna hiyo. Tumia mlango wanapouacha wazi, lakini usingoje waingie nawe.

Shangazi yako huniuliza kama ningerudishwa pale ningefanya tena. Anauliza akitarajia nitainamisha kichwa. Ningefanya tena. Ningezungumza na Joyce kwanza, na pweza nisingenunua, lakini swichi ningeishusha. Sijuti kazi, sijuti koti la baridi, sijuti hata ile stoo ya karatasi. Na wanaosema nilikuwa mkaidi hawajakosea. Nilikuwa, na wewe pia u mkaidi. Nimekuona ukizuia machozi leo asubuhi kwa ajili ya maneno ya shangazi yako, ukaendelea kukunja nguo kwa mstari ulionyooka. Nikajua safari ipo.

Yule kijana wa posa ni mtu mwema, wala sina neno naye. Nimemwambia mjumbe wake alasiri hii, wewe ukiwa njiani kwenda Boko, kwamba binti yangu anakwenda kusoma, na akitaka kungoja angoje, asipotaka aende kwa amani. Nimelisema mie ili usilibebe wewe. Shangazi yako ameondoka amenuna. Atarudi, wali wa kesho atataka kula.

Huko darasani utakuwa miongoni mwa wasichana wachache. Watakaokucheka watakuwepo, na watakaokufanyia kazi yako kwa wema mpaka usijue kitu, hao ndio wabaya zaidi. Shika bisibisi mwenyewe. Na ukiambiwa kitu ni kizima, uliza kimepimwa kikiwa katika hali gani, na nani alikuwa amekataza nini. Uliza kwa adabu. Uliza tena.

Mambo yakikushinda huko, masomo yakawa mazito kuliko tulivyofikiri, rudi. Hapa ni kwenu, hutaulizwa neno. Ila ukirudi kwa sababu kuna mtu amekwambia pale si mahali pako, nitakupikia, utakula, utalala kitandani kwako, na asubuhi nitakushika mkono mpaka stendi, nikukatie tiketi ya kurudi huko huko.

Niliyekuzaa, na ninayekuruhusu kwa moyo mmoja,

Mama yako, Zainabu binti Seif